Kalamu Inayotangulia Kitanzi

Waulize vijana kumi wa rika letu: Dedan Kimathi alinyongwa kwa kosa gani? Mimi nimewauliza wenzangu swali hili mara nyingi, ndani ya matatu, kwenye vibanda vya chai, hata kwenye vikao vyetu vya uandishi. Wengi hujibu kwamba alinyongwa kwa kuua. Wengine husema uhaini. Mmoja alinijibu kwa hasira, "Alinyongwa kwa kuipenda nchi yake. Kwani wewe unauliza nini?" Jibu hilo la mwisho ni la kishairi na sina ugomvi nalo. Lakini kwenye karatasi ya mashtaka halimo. Kimathi alishtakiwa kwa kupatikana na bastola moja na risasi sita. Basi, hakuna zaidi.

Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 huko Nyeri, amevaa joho la ngozi ya chui, ana jeraha la risasi mguuni. Mwezi uliofuata akapelekwa mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, pamoja na wazee watatu wa baraza, Waafrika. Mawakili wake walisema alikuwa njiani kujisalimisha. Hawakusikizwa. Rufani zikatupwa, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa katika Gereza la Kamiti.

Sasa tujiulize. Serikali ya mkoloni ilimwita Kimathi muuaji kwa miaka minne. Ilibandika picha yake kila mahali na kutangaza zawadi kwa atakayemleta. Walipompata, mbona hawakumshtaki kwa mauaji hata ya mtu mmoja? Mimi naiona sababu hivi. Kesi ya mauaji ina kazi. Lazima useme nani aliuawa, wapi, lini, na nani aliona. Kisha uthibitishe nia iliyokuwa moyoni mwa mshtakiwa. Kesi ya bastola haina kazi. Ulikuwa nayo? Ulikuwa nayo. Una kibali? Huna. Chini ya sheria za Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, hayo mawili yalitosha kumpeleka mtu kwenye kitanzi.

Maana yake ni kwamba kabla jaji hajavaa nywele zake za bandia, kabla mahakama haijafunguliwa, palikuwa na mtu aliyeketi mezani, akachukua kalamu, akachagua kifungu. Mtu huyo ndiye ninayetaka tumtazame leo. Anaitwa kiongozi wa mashtaka.

Sisi waandishi tumemsahau mtu huyu. Hadithi zetu na michezo yetu ya kuigiza hupenda jaji, maana jaji ana kiti kirefu na sauti nzito. Hupenda mnyongaji, maana ana kamba. Hata Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo walipotunga tamthilia yao maarufu kuhusu kesi ya Kimathi mwaka 1976, jina walilolichagua lilitupeleka mahakamani. Lakini kesi haianzi mahakamani. Huanzia ofisini, kwenye faili, na huko hakuna benchi la watazamaji.

Hebu tuitazame mashine yenyewe ilivyokuwa ikifanya kazi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1930. Ilitambua njia mbili za kumuua mtu kinyume cha sheria. Ya kwanza ni mauaji ya kukusudia, na adhabu yake ilikuwa moja tu: kifo. Jaji akishamwona mshtakiwa ana hatia hakuulizwa maoni yake. Hata kama mshtakiwa ni kijana wa miaka kumi na tisa, hata kama ni mama aliyepigwa na mumewe miaka kumi mfululizo, jaji alisoma maneno yaleyale. Ya pili ni kuua bila kukusudia. Hapo adhabu ya juu ni kifungo cha maisha, lakini jaji ana uhuru wa kushuka mpaka siku moja, au hata kumwachilia mtu kwa ahadi ya tabia njema.

Umeona pengo hilo? Upande huu kamba, upande ule pengine siku moja. Na kati ya pande hizo mbili hakuna ukuta wa mawe, pana neno moja tu: nia. Anayeamua kwanza neno hilo liandikwe au lisiandikwe ni kiongozi wa mashtaka.

Waliotunga adhabu ya kifo ya lazima walidhani wamefuta upendeleo. Walisema, jaji asipokuwa na hiari, wote watahukumiwa sawa, tajiri kwa maskini. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Lakini hiari haikufutwa, ilihamishwa. Ilitolewa kwa jaji, anayekaa mahali pa wazi, analazimika kutoa sababu, na uamuzi wake unakatiwa rufani. Ikapelekwa kwa mtu wa ofisini, ambaye kwa miaka mingi hakudaiwa sababu na yeyote. Msumeno ni kweli hukata mbele na nyuma, ila yuko anayeushika mpini.

Wakati wa Mau Mau mpini huo ulishikwa sawasawa. Mwanahistoria David Anderson, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2005, amehesabu watu 1,090 walionyongwa na mkoloni kwa makosa ya Mau Mau. Kati yao, waliopatikana na hatia ya mauaji ni 346 tu. Walionyongwa kwa kupatikana na silaha au risasi ni 472. Wengine walinyongwa kwa kuandamana na wapiganaji, au kwa kulisha watu kiapo. Serikali iliuambia ulimwengu kwamba inawaadhibu wauaji, lakini thuluthi mbili ya waliokufa kwa kamba yake haikuwapata na hatia ya kumuua mtu yeyote. Kifungu chepesi cha kuthibitisha ndicho kilichotumika zaidi. Kimathi hakuwa mtu wa pekee. Alikuwa mmoja katika foleni ndefu ya watu wa bastola na risasi.

Linganisha na upande wa pili wa rangi. Mwaka 1923, mlowezi mmoja wa Molo, Jasper Abraham, alimchapa mfanyakazi wake Kitosh, kisa alimpanda farasi badala ya kumwongoza kwa miguu. Kitosh akafungwa kamba ghalani na usiku huo akafa. Kiongozi wa mashtaka aliandika mauaji. Hapo kalamu haikukosa. Lakini Mzungu alikuwa na haki ya kuhukumiwa na baraza la Wazungu wenzake, na ngedere akapelekewa kesi ya nyani: wakasema ni kosa la kumjeruhi vibaya, Abraham akafungwa miaka miwili. Ilichukua mpaka mwaka 1960 ndipo mlowezi mmoja, Peter Poole, aliponyongwa kwa kumpiga risasi Mwafrika, Kamawe Musunge, aliyewatupia mbwa wake mawe. Ndiye Mzungu wa pekee aliyenyongwa Kenya kwa kosa la namna hiyo. Nalitaja hili makusudi, tusije tukadhani kwamba kiongozi wa mashtaka ndiye mwenye hatia ya kila kitu. Kuna mikono mingi kwenye kamba. Ila mkono wake ndio wa kwanza.

Basi uhuru ukaja mwaka 1963. Bendera ikabadilika, wimbo ukabadilika, Kanuni ya Adhabu ikabaki palepale. Na Katiba yetu ya zamani, katika kifungu cha 26, ikampa Mkuu wa Sheria uwezo wa ajabu: kuanzisha kesi yoyote ya jinai, kuichukua kesi iliyoanzishwa na mtu mwingine, na kuisimamisha kesi wakati wowote kabla ya hukumu. Kusimamisha huko wanasheria wanakuita kwa Kilatini, nolle prosequi. Mtaani tungesema, faili imefungwa, nendeni nyumbani. Katiba ikaongeza kwamba katika kazi hiyo Mkuu wa Sheria hataamriwa na mtu yeyote.

Nia ilikuwa njema. Hatukutaka waziri apige simu aseme mshtaki fulani, mwachilie fulani. Lakini uhuru wa kutoamriwa si sawa na uhuru wa kutoulizwa, na sisi tulivichanganya hivyo viwili. Matokeo yake tuliyaona.

Mwaka 1980, Mombasa, baharia Mmarekani wa miaka 19, Frank Sundstrom, alimuua mwanamke Mkenya aitwaye Monica Njeri. Upande wa mashtaka ulikubali akiri kosa la kuua bila kukusudia. Hapo jaji, Leslie Harris, akawa na ule uhuru wote niliousimulia, akautumia: akamwachilia baharia kwa dhamana ya shilingi 500 na ahadi ya tabia njema kwa miaka miwili. Shilingi mia tano! Wanawake wakaandamana, magazeti yakawaka moto, wabunge wakapiga kelele. Hasira zote zikamwangukia jaji, na alistahili sehemu yake. Lakini jaji asingeufungua mlango huo kama hangepewa ufunguo. Aliyekubali kifungu chepesi ndiye aliyeutoa.

Robo karne baadaye tukarudi darasa lilelile. Mwezi Aprili 2005, kwenye shamba la Soysambu huko Bonde la Ufa, Thomas Cholmondeley, kitukuu wa yule Lord Delamere wa walowezi, alimpiga risasi na kumuua Samson ole Sisina, askari wa shirika la wanyamapori aliyekuwa kazini bila sare, akichunguza biashara ya nyama ya porini. Cholmondeley alisema alidhani amevamiwa na majambazi. Akashtakiwa kwa mauaji. Mwezi wa Mei, kabla shahidi hata mmoja hajapanda kizimbani, Mkuu wa Sheria Amos Wako akaiondoa kesi. Wamaasai wakaandamana. Kesi haikurudi.

Sisemi kwamba Cholmondeley alikusudia kumuua Sisina. Huenda kweli aliogopa. Nchi hii ina majambazi na mtu anaweza kutetea roho yake. Ninachosema ni kwamba swali hilo, je, aliogopa au hakuogopa, ndilo hasa swali ambalo mahakama zimejengewa kulijibu. Likajibiwa ndani ya ofisi. Mjane hakusikia ushahidi, hakuona shahidi akihojiwa. Alisikia tangazo tu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, wazee walisema. Hapa aliyenyimwa haki yake hata hakuwa mshtakiwa. Alikuwa maiti.

Mwaka mmoja baadaye, Mei 2006, kwenye shamba lilelile, mtu huyohuyo alimpiga risasi Robert Njoya, mchonga mawe aliyekuwa ameingia shambani na wenzake na mbwa. Mara hii hapakuwa na ujasiri wa kuifunga faili. Kesi ya mauaji ikaendelea miaka mitatu, ushahidi ukamwagwa hadharani, na Mei 2009 Jaji Muga Apondi akaamua kwamba nia ya kuua haikuthibitishwa. Akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumfunga miezi minane, juu ya miaka mitatu na zaidi aliyokuwa amekaa rumande. Wengi walikasirika na kifungo hicho. Lakini angalia tofauti: sababu za jaji zimeandikwa, ukitaka kubishana nazo unazo mkononi. Za mwaka 2005 hakuna mahakama iliyozipima. Kukosea mbele ya watu ni jambo moja, kuamua gizani ni jambo lingine.

Mpaka hapa nimesimulia kesi kubwa, zile za magazetini. Lakini vijana wa mtaa hawaikuti kalamu hii Mahakama Kuu. Wanaikuta mahakama ya chini, kwa hakimu, kwenye kifungu cha 296 cha Kanuni ya Adhabu, kifungu cha wizi wa mabavu.

Kifungu hicho kina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, unyang'anyi wa kawaida, ni miaka 14. Sehemu ya pili ni kifo. Ili uingie sehemu ya pili si lazima umuue mtu. Si lazima hata umjeruhi. Inatosha uwe na silaha ya hatari, au uwe na mwenzako mmoja, au umpige unayemwibia. Lolote moja kati ya hayo. Vijana wawili wakimpokonya mtu simu gizani, tayari wanaweza kuandikiwa sehemu ya pili. Au sehemu ya kwanza. Au wizi mtupu wa kumwibia mtu mwilini. Tukio moja, vifungu vitatu, na ni juu ya mwandikaji. Na kwa miongo mingi mwandikaji huyo katika mahakama za chini alikuwa afisa wa polisi, mara nyingi inspekta, anayetoka kituo kimoja na wale waliomkamata mshtakiwa. Halafu kuna hili: aliyeshtakiwa kwa mauaji Mahakama Kuu alipewa wakili na serikali akikosa pesa. Aliyeshtakiwa kwa wizi wa mabavu, ambaye naye shingo yake iko hatarini vilevile, alijitetea mwenyewe.

Kwenye ploti tuliyokuwa tukikaa kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akiniazima vitabu vya hadithi. Nilikuwa shule ya upili bado. Mwaka 2014 yeye na rafiki yake walikamatwa kwa kupora simu. Kisu kilikuwepo, kile kidogo cha kumenyea maembe. Hakuna aliyekatwa. Wakaandikiwa sehemu ya pili. Wiki hizohizo kijana mwingine wa mtaa jirani, kosa la aina hiyohiyo, akaandikiwa wizi wa kawaida na kufungwa miaka miwili. Watu wa ploti walisema mengi kuhusu tofauti hiyo, nani aliongea na nani na kwa shilingi ngapi. Mimi ushahidi sina, na bila ushahidi sitamtaja mtu. Lakini hebu fikiria: hata kama hakuna aliyehongwa, hata kama yule afisa aliamka vizuri siku moja na vibaya siku ya pili, nani angejua? Hakuandika sababu popote. Hakimu naye alimwambia jirani yetu waziwazi kwamba sheria imemfunga mikono. Akasoma hukumu ya kifo kwa kijana wa miaka ishirini na mmoja. Mamake alidhani hakuelewa Kiingereza vizuri, akamgeukia mtu aliyekaa karibu naye, akamwomba amtafsirie.

Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta aligeuza hukumu za kifo za wafungwa 2,747 kuwa vifungo vya maisha, na jirani yetu akawa mmoja wao. Kabla yake, mwaka 2009, Rais Kibaki alikuwa amefanya hivyo kwa wafungwa zaidi ya 4,000. Mtu atasema, basi tatizo liko wapi? Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987. Tatizo ni kwamba kifungo cha maisha kwa sababu ya simu si huruma. Ni kitanzi kilicholegezwa tu. Na yule wa miaka miwili alishatoka zamani, ameoa.

Sasa nisieleweke vibaya. Kuna wanaosema dawa ni kumnyang'anya kiongozi wa mashtaka hiari yote: kila aliyeua ashtakiwe mauaji, kila aliyepora na mwenzake aandikiwe sehemu ya pili, bila kuchagua. Mimi siitaki dawa hiyo, maana itaua wagonjwa wengi. Hiari hiyohiyo iliyomfaa baharia imewaokoa pia watu wasio na mtu. Yule mama aliyempiga mumewe mlevi kwa mwiko baada ya kuvumilia kipigo miaka mingi, nani atamwokoa na kamba kama si kiongozi wa mashtaka mwenye moyo, anayesoma faili na kusema hapa hapana nia ya kuua? Tukimfunga mikono naye, tutakuwa tumerudia kosa lilelile tulilomfanyia jaji. Hiari si adui yetu. Adui ni hiari isiyotoa sababu.

Ndiyo maana mipaka iliyowekwa katika miaka ya karibuni inanipa moyo, ingawa imekuja kidogokidogo. Mwaka 2000 majaji watatu wa Mahakama Kuu mjini Nairobi walithubutu kuikataa hati ya Mkuu wa Sheria ya kuondoa kesi. Walisema uwezo wake si wa kimungu. Mahakama inaweza kuutazama kama unatumiwa vibaya. Ilikuwa mbegu. Agosti 2010 mbegu ikamea kwenye Katiba mpya. Kazi ya mashtaka ikaondolewa kwa Mkuu wa Sheria ikapewa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kifungu cha 157 kinasema naye hataamriwa na mtu. Lakini safari hii kikaongeza maneno ambayo Katiba ya zamani haikuwa nayo: hawezi kuiondoa kesi bila ruhusa ya mahakama, na lazima azingatie maslahi ya umma, haki, na haja ya kuzuia matumizi mabaya ya sheria. Soma maneno hayo, kisha ukumbuke Mei 2005. Kama yangekuwepo wakati ule, Mkuu wa Sheria angelazimika kusimama mbele ya jaji, mjane wa Sisina amekaa nyuma, aeleze kwa nini. Pengine angeruhusiwa. Lakini angeeleza.

Mpaka wa pili umetoka upande ambao wengi hawakuutazamia. Kumwekea mipaka kiongozi wa mashtaka si lazima umfunge yeye. Unaweza kumfungua jaji. Julai 2010 Mahakama ya Rufaa ilisema hukumu ya kifo ya lazima kwa mauaji inakiuka Katiba. Mwaka 2013 mahakama hiyohiyo ikajigeuka. Ndipo tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, Mahakama ya Juu ikakata mzizi: adhabu ya kifo yenyewe inabaki kwenye vitabu, lakini ulazima wake umekwisha. Jaji amsikilize aliyepatikana na hatia ya mauaji, apime umri wake, mazingira, majuto, kisha aamue. Uganda walikuwa wamefika huko mwaka 2009.

Wengi waliusoma uamuzi huo kama habari ya wafungwa. Mimi naona pia unamhusu mtu wa ofisini. Zamani akiandika mauaji, alikuwa ameandika pia hukumu. Jaji alikuwa karani wake wa mwisho. Tangu Muruatetu, kifungu si hukumu tena. Kalamu imerudi kuwa kalamu. Lakini Julai 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji peke yake, na kwamba anayetaka kuupinga ulazima kwenye wizi wa mabavu aanze kesi yake upya kutoka chini. Kwa hiyo wakati mshtakiwa wa mauaji alifunguliwa mlango, watu wa kisu cha maembe waliambiwa wasubiri foleni nyingine.

Na liko pengo lingine. Mlango wa kutolea kesi sasa una bawabu, ambaye ni mahakama. Mlango wa kuingizia, pale kifungu kinapochaguliwa kwa mara ya kwanza, bado uko gizani zaidi. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya mwaka 2014 iliwapa jamaa za aliyeuawa haki ya kusikizwa kabla ya uamuzi unaowagusa, na hilo ni jambo kubwa. Lakini haki usiyoijua ni kama pesa iliyozikwa chini ya kitanda cha mtu aliyekufa.

Hapo ndipo ninapotuona sisi, tunaojifunza uandishi. Mahakama zetu ziko wazi. Benchi la nyuma ni bure, hakuna tiketi. Tukienda, tusisubiri tu ile siku ya hukumu yenye machozi na kamera. Twende siku ya kwanza, ile asubuhi ya kuchosha ambapo karani anasoma mashtaka haraka kama anayekimbizwa, na nusu ya watu wanasinzia. Tusikilize namba ya kifungu. Tuiandike kwenye daftari, pamoja na tukio lenyewe lilivyosimuliwa. Kisha tumtafute aliyeshtakiwa kwa tukio linalofanana, mahakama nyingine, mtaa mwingine, tuandike na lake, tuyaweke mawili hayo ubavu kwa ubavu kwenye ukurasa mmoja. Na kwenye mchezo wa kuigiza utakaoutunga, mpe kiongozi wa mashtaka jina, meza, faili na kalamu. Mwulize, mbele ya watu, kwa nini hiki na si kile. Kimathi hakupata wa kumwulizia.